Sentimita Kumi na Nne za Karani

Kwenu vijana mnaokuja nyumbani kwangu na daftari jipya na viatu ambavyo bado vina rangi yake ya dukani.

Swali lenu la kwanza huwa lilelile: "Babu Ntandu, umekutana na tembo mara ngapi?" Nikijibu, nyuso zinawashuka. Miaka ishirini na sita nimefuatilia tembo wa msituni, kuanzia juu ya mashamba ya Karatu hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuona tembo. Niliona mavi. Nimeyapima, nimeyachambua, nimeyachekecha, nimeyanusa asubuhi kabla ya chai. Kama yangekuwa matofali, leo Karatu nzima ingekuwa ya ghorofa.

Tembo wa nyikani anaonekana. Anasimama pale kama ofisi ya kata, watalii wanampiga picha hadi wanachoka wao. Wa msituni ana uzito wa lori lililojaa vitunguu vya Mang'ola, lakini akiingia nyuma ya kichaka ambacho wewe usingeweza kuficha baiskeli, ndiyo basi. Siku moja nilisimama kwenye ukungu nikasikia joto ubavuni, nikasema moyoni, leo jua limewahi. Halafu jua likapumua.

Mbio nilizokimbia siku hiyo sitazieleza. Niseme tu kwamba viatu vyangu vilifika kambini baada yangu.

Mimi sikuja huku kwa ajili ya tembo. Nilitoka Singida kuja kuchuma kahawa, kama wengi wa kwetu, na jioni nilisoma shule ya watu wazima: benchi tano, taa moja, na mwalimu niliyemzidi umri. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na mvi. Ndipo akaja shambani mtafiti mmoja, Daktari Rehema, Mpare mfupi mwenye sauti ya chini na kalamu tatu mfukoni, akitafuta mtu mwenye miguu mirefu na mwandiko unaosomeka. Akaniuliza kama naogopa tembo. Nikamwambia kwetu Singida tembo ndio wanaoniogopa mimi. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Miaka mingi baadaye nilikiona alichoandika: "Maneno mengi. Miguu mizuri."

Yeye alinifundisha kuandika. Wa kunifundisha kutazama alikuwa Mzee Bura, Mwiraqw mrina asali, ambaye darasani hakuwahi kuingia hata kujikinga mvua. Siku ya kwanza alinisimamisha kwenye njia ya tembo, tope limevurugwa kama limelimwa na jembe la ng'ombe.

"Wamepita wangapi?" akaniuliza.

Nikatazama. "Arobaini."

"Arobaini?"

"Au hamsini, Mzee."

Alikaa kwenye gogo akacheka hadi akashika mbavu. "Wamepita watatu, bwana. Na mmoja amesahau kitu, akarudi."

Basi nikaanza shule nyingine. Kwanza, majivu. Chukua soksi kuukuu, ijaze majivu ya jikoni, tembea nayo mkononi. Ukiitikisa, majivu yanakuonyesha upepo unaenda wapi. Upepo ukienda kwa tembo, wewe nenda nyumbani. Nyie mna programu za simu za kupima upepo. Nzuri sana, nimeziona, zinataka mtandao. Soksi haitaki mtandao.

Pili, mavi. Chomeka kidole katikati ya donge, si pembeni. Juu jua linadanganya. Likiwa na joto la uji, usiendelee mbele unapiga mluzi. Zungusha tepu kwenye donge, uandike: tembo mkubwa ana donge kubwa, na hilo halina siasa.

Tatu, meno. Hili watu hawalijui. Tembo hafungui kinywa chake kwa ajili yako, lakini kila anachotafuna anakileta hadharani. Kijana mwenye meno makali hutafuna vizuri. Mavi yake ni laini, kama pumba. Mzee ambaye meno yake ya mwisho yameisha hupitisha vijiti na makapi marefu, unaweza kuyafumia kikapu. Mzee Bura alikuwa anavunja donge kwa mkono, anatazama, anasema, "Huyu bado ana harusi mbele," au, "Huyu anywe supu tu sasa."

Nne, mguu. Mguu wa mbele wa tembo ni mviringo kama sinia. Wa nyuma umerefuka kidogo kama yai. Zungusha tepu kwenye alama ya mguu wa mbele, zidisha mara mbili, umepata urefu wake hadi begani. Mara mbili kamili, karibu bila kosa. Ni hesabu nyepesi kiasi kwamba hata mimi wa benchi la nyuma niliiweza, na ndiyo hesabu iliyotaka kunivua nguo mbele ya kijiji kizima.

Sasa niwape habari za Karani.

Juu ya mashamba, ndani ya msitu, kuna ukuta wa udongo ambao tembo wanauchimba kwa pembe na kuula. Udongo ule una chumvichumvi wanayoitaka. Wameuchimba vizazi na vizazi hadi umekuwa mapango; mengine unaweza kuegesha landrova ndani, na nikiwa na wageni huwa naongeza landrova ya pili. Hapo ndipo tulipomjua dume mmoja mzee, sikio la kulia limetoboka tundu la ukubwa wa sahani. Tulimwita Karani kwa sababu ya mwendo wake: kila mti njiani alisimama, akaunusa, akaugusa kwa mkonga, akaendelea, kama anayepiga mhuri. Foleni nyuma yake ilisubiri.

Karani alikuwa na kazi pale. Ukuta ulishakuwa mgumu na mrefu. Majike na watoto pembe zao hazikufika penye udongo mzuri. Yeye alisimama, akachimba kwa pembe ya kushoto ambayo ilishakatika ncha kwa kazi hiyo, udongo ukaporomoka, akala kidogo, akatoka. Wale wengine wakaingia kuokota. Mara nyingi nimelala kifudifudi juu ya genge na daftari langu, nikihesabu nani amekula baada ya nani. Siku ambazo Karani hakuja, walizungukazunguka pale wakaondoka.

Kwenye kitabu chetu kila tembo ana ukurasa: mchoro wa masikio, pembe, urefu. Ukurasa wa Karani niliujaza mimi mwaka wangu wa kwanza wa kushika tepu peke yangu. Mguu wa mbele, sentimita mia na sitini. Urefu, mita tatu na ishirini. Kwa mdomo, mbele ya watalii, alikuwa wa mita nne, na ikiwa mtalii amenishangilia, nne na nusu.

Msimu mmoja mahindi yalikuwa yamekomaa, tembo akashuka kwenye kijiji kimoja chini ya msitu, upande wa Oldeani. Asubuhi tuliitwa. Daktari Rehema alikuwa Arusha kwa siku hiyo, nikaenda mimi, na nilipenda kwenda mimi. Shamba lilikuwa la Mama Safari, mzaliwa wa Buger aliyeolewa huku, mjane, anayelima peke yake ekari zake mbili za mahindi na maharage. Ekari moja na zaidi ilikuwa imelala chini. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika mpini wa jembe, anatazama kama mtu anayesoma barua asiyoipenda.

"Karibu, Bwana Mita," akasema. Ndivyo walivyoniita kijijini, kwa ajili ya tepu. "Karibu upime njaa yangu."

"Pole, mama."

"Pole nimeshakusanya gunia zima. Niambie ni nani."

Watu walikuwa wengi, na katikati yao afisa wa wanyamapori aliyetumwa na ofisi yake. Alieleza utaratibu: tembo huyu ameshuka mara ya tatu, vibali vipo, lakini hawaui tembo yeyote tu; lazima ajulikane ni yupi. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye mtaalamu."

Hilo neno, wanangu. Limeangusha wengi kuliko miti ya barabarani.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Alama nyingi zilikuwa zimechafuka, ila moja ilikuwa pembeni ya mfereji, kubwa, imezama vizuri. Nikapiga magoti. Nikazungusha tepu taratibu, kama daktari wa mifupa. Umati ukanyamaza, na sijawahi kusikia ukimya mtamu kama ule.

"Mia hamsini na tisa!" nikatangaza.

"Maana yake?" akauliza afisa.

"Mara mbili, bwana afisa. Mita tatu na kumi na nane. Msitu wote huu wenye urefu huo ni mmoja tu." Na nikalitaja jina lake. Nikataja na sikio lenye tundu, ili wasikosee. Nikataja, Mungu anisamehe, pango analokuja na siku anazokuja. Afisa akaandika yote. Watu wakaguna, "Mita tatu!" Mama mmoja akajishika kichwa. Nilijisikia kama nimemzaa yule tembo mwenyewe.

Mama Safari akachukua karai akalifunika juu ya alama ile ya mguu. "Isifutike," akasema. "Hii ndiyo risiti yangu."

Kabla ya kuondoka niliokota madonge mawili ya kinyesi nikayatia kwenye mfuko, kwa mazoea tu. Mkono wangu ulifanya kazi. Kichwa kilikuwa kimeshaanza kupokea pongezi.

Kesho yake Daktari Rehema alirudi. Saa nne asubuhi alikuwa amechuchumaa mtoni na chekecheo, anaosha vifuko vya jana kimoja kimoja kutafuta mbegu, kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nachochea moto wa chai, namsimulia. Nilikuwa nimefika pale umati uliponyamaza.

"Ntandu," akasema bila kugeuka. "Hiki cha shambani ni cha nani?"

"Si nimekwambia, Daktari. Cha Karani."

"Karani amepata meno ya bandia?"

Nikaenda kutazama. Kwenye chekecheo kulikuwa na pumba laini. Maganda ya mahindi yamesagwa kama yametoka mashineni. Hapakuwa na kijiti hata kimoja. Mavi ya Karani nilikuwa nayajua kama mwandiko wangu: wakati huo yalishakuwa makapi matupu. Nikachukua daftari. Mzingo wa donge, nilikuwa nimeuandika mwenyewe jana yake na mkono wangu huu: sentimita thelathini na nane. Wa dume kijana. Ulikuwa umekaa pale, chini ya mia hamsini na tisa, na sikuusoma.

"Lakini mguu…" nikasema.

"Huo mguu, yai au sinia?"

Nikafumba macho nikauona tena. Tembo akitembea taratibu, mguu wa nyuma unakanyaga juu ya alama ya mguu wa mbele, lakini haukai sawasawa; unabaki nyuma kidogo. Tope likilainika kwa mvua, alama mbili zinaungana zinakuwa moja, ndefu, ya kutisha. Mzee Bura alinionyesha hilo wiki yangu ya kwanza. Mtu anayejifunza kazi hulikosea mara moja, anachekwa, basi. Mimi nililikosea nikiwa na miaka ishirini kazini, mbele ya watu mia mbili. Sawa, walikuwa hamsini.

"Wanapanda lini kumpiga?" akauliza Daktari.

"Kesho. Pangoni."

Hakunigombeza. Alikung'uta chekecheo lake, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Basi shuka. Umemtaja wewe, ukamtoe wewe. Mimi wakiniona watasema mwanamke wa tembo amekuja kutetea tembo."

"Hawataniamini, Daktari."

"Ndiyo," akasema. "Nadhani hawatakuamini."

Nilishuka. Nikiwa na donge la shambani lililobaki, kwanza nilipitia pangoni nikaokota donge la Karani, bichi la siku mbili, nikalitia kwenye mfuko wa pili. Njiani nilitunga hotuba saba. Moja ilikuwa nzuri sana, ilikuwa na neno "ikolojia" mara nne.

Nilimkuta afisa kwenye ofisi ya kijiji na vijana wake wawili, wanapanga safari ya kesho. Mama Safari na watu kiasi walikuwa kwenye benchi la nje wakisubiri kujua. Nikasalimia. Nikasema nimekosea, tembo wa shambani si Karani, ni dume kijana, hazidi mita mbili na nusu.

Kimya kilikuwepo tena, lakini hiki hakikuwa kitamu.

"Jana mita tatu na kumi na nane," akasema afisa. "Leo mbili na nusu. Kesho atakuwa mbuzi?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akadakia, "Huyo Ntandu! Alituambia alikimbizwa na tembo hadi Endulen akala chakula cha mchana huko!"

"Akila mahindi yangu anakuwa mdogo," akasema Mama Safari, naye hakucheka. "Akipelekewa watalii anakuwa mlima. Bwana Mita, wewe ni rafiki yake. Umelala, umeota, umemhurumia. Mimi nani ananihurumia?"

Nikafungua kinywa kutoa hotuba ya ikolojia. Nikaona sura yake, nikakifunga. Maneno yangu nilikuwa nimeyatumia vibaya kwa miaka mingi, na siku niliyoyahitaji hayakuwa na thamani hata ya kuwashia moto. Nikachukua gunia tupu pale mlangoni, nikalitandaza chini, nikatoa donge moja na lingine, nikayaweka sambamba.

"Hili nimeliokota shambani kwako jana, ulikuwa umesimama karibu yangu," nikasema. "Hili nimeliokota pangoni leo. Sisemi kitu. Wewe una ng'ombe, mama. Vunja mwenyewe."

"Niguse mavi mbele ya ofisi?"

"Mimi nimeyagusa hadi yamenipa mshahara."

Kisha akainuka, akafunga kanga vizuri, akachuchumaa. Mwanamke aliyefuga ng'ombe maisha yake yote hahitaji semina. Alivunja la kwanza, akalisugua kwa kidole gumba. Akavunja la pili. Likafunguka kama godoro kuukuu, vijiti vimetoka nje. Akachomoa kimoja kirefu kama penseli, akakipandisha juu kwenye mwanga. Akayanusa yote mawili. Watu walikuwa wamesogea hadi kivuli chao kimemfunika.

"Sogeeni, sioni," akasema. Kisha akamwambia afisa, "Huyu ni kizee. Hana meno. Punje ya hindi kavu ingempita nzima nzima. Aliyekula kwangu ametafuna kama mashine."

"Una uhakika, mama?"

"Mahindi ni yangu. Nisiyajue yakishaliwa?" Akajifuta mikono kwenye gunia. "Mkimuua huyu kibogoyo, mwenye meno atarudi Jumapili. Twendeni kwenye karai."

Tukaenda wote, kama msafara wa harusi usio na ngoma. Akafunua karai. Alama ilikuwa vilevile, na sasa, bila umati kunishangilia, hata kipofu angeiona: ukingo wa duara la mbele, na juu yake yai, limebaki nyuma kiasi cha kiganja. Nikamwonyesha afisa wapi moja inaishia na nyingine inaanzia. Nikatoa tepu.

"Lete hapa," akasema Mama Safari. "Wewe shika huko mwanzo, mimi nasoma."

Nikashika sifuri. Yeye akazungusha kufuata duara la mbele peke yake, akainama.

"Mia ishirini na tano," akasoma kwa sauti. "Mara mbili ni mbili na nusu." Akanitazama. "Kwa hiyo ukitaka unaweza."

Afisa alikata mstari kwenye karatasi yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameandika nilichomwambia. Kabla ya kupanda gari alinivuta pembeni. "Mzee, mimi ningempiga yule. Kesho asubuhi, saa moja. Ungetuonyesha mwenyewe njia." Akapanda gari.

Msiniulize kama mambo yaliisha vizuri kwa Mama Safari. Mahindi yaliyolala hayakuinuka. Tuliweka kamba zenye pilipili na oili chafu kuzunguka shamba lake, na mizinga ya nyuki ya Mzee Bura upande wa juu, na yule kijana mwenye meno alirudi mara mbili, akanusa, akapiga chafya iliyosikika hadi mjini Karatu, akahama. Wanakijiji walimpa jina. Walimwita Ntandu. Mpaka leo nikipita pale watoto wananiuliza kama ninamtafuta mdogo wangu.

Tangu siku ile utaratibu ulibadilika kidogo. Nikipima kitu kijijini, nashika sifuri, mwenye shamba anasoma. Daktari Rehema aliuandika kwenye mwongozo wetu kama njia ya kushirikisha jamii, na nasikia watu wameusifu sana kwenye mikutano. Nyie mtausoma mkidhani ulibuniwa ofisini.

Mengi mengine yamebadilika. Siku hizi mna kamera za kufunga mtini zinazopiga picha zenyewe, mna kola za shingoni zinazotuma ujumbe, kidude kinachoruka kama nyuki mwenye hasira. Sina kinyongo navyo. Kamera haitungi hadithi. Ila wiki iliyopita mmoja wenu alinionyesha picha mia tatu za mkia, akaniuliza ni nani. Nikamwambia, mwanangu, rudi ukatafute alichoacha.

Karani aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Meno yalipomwisha kabisa alifanya wanavyofanya madume wazee wa huku: aliacha msitu, akateremka ndani ya kreta, kwenye majani laini ya bwawani. Mimi nilishastaafu. Siku moja Daktari Rehema akanipigia simu. "Amelala," akasema. "Kama unataka kuja, njoo na tepu yako."

Nilikwenda. Alikuwa amelala ubavu kando ya maji, hajaguswa na mtu, pembe zake zikiwa pale pale, ile ya kushoto na kibutu chake. Tundu la sikio lilikuwa limeangalia juu. Nyasi zilionekana kupitia humo. Nilitazama kinywa chake kwa mara ya kwanza. Meno yalikuwa yamebaki laini kama sabuni iliyotumika.

Daktari akashika sifuri kwenye unyayo, mimi nikavuta hadi begani. Nikasoma. Nikarudia, nikidhani amelala vibaya. Nikamwomba yeye asome. Mara tatu: mita tatu na sentimita sita.

Kitabu kilisema tatu na ishirini. Mwandiko wangu.

Nilikaa kwenye nyasi nikafanya hesabu, na haikuwa ngumu. Mwaka ule wa kwanza, peke yangu na tepu yangu mpya, nilikuwa nimeipa tepu nafasi ya kupumua: kidole hapa, kidole kule, kwa sababu alikuwa mkubwa na nilitaka awe mkubwa zaidi. Laiti ningeandika alivyo, ile mia hamsini na tisa ya tope isingelingana naye, na pale shambani ningejua kuna kosa kabla sijafungua mdomo. Sentimita kumi na nne zilikuwa zangu. Zilikaa kimya kitabuni miaka yote ile, siku moja zikakaribia kumuua.

Daktari alinipa kalamu moja kati ya zile tatu. Nikakata namba ya zamani, nikaandika mpya, nikatia sahihi. Ndiyo kazi yangu ya mwisho iliyo kwenye kitabu kile, mkaiangalie.

Nikiwa njiani kupanda ukingo, simu ikashika mtandao. Nikampigia Mama Safari, naye alikuwa ameshasikia habari za Karani.

"Pole, Bwana Mita. Alikuwa na urefu gani, hatimaye?"

"Tatu na sita."

Nilisikia kuku wake wakilia kule.

"Nani amesoma?"

"Daktari."

"Haya," akasema. "Basi alikuwa tatu na sita."